Siku Themanini na Nne na Hesabu ya Kaya: Historia ya Msaada wa Fedha kwa Wazazi Watarajiwa Lemara, Arusha, 1967–2025

Utangulizi

Lemara ni mojawapo ya kata za Jiji la Arusha. Ipo kusini mwa kitovu cha jiji, jirani na Njiro na ukanda wa viwanda vilivyojengwa baada ya Uhuru. Wakazi wake ni mchanganyiko wa Waarusha ambao familia zao zililima ardhi hiyo kabla ya mji kupanuka, Wameru na Wachaga walioteremka kutoka milimani, na wahamiaji wengine waliofuata ajira za viwandani, ofisini, kwenye utalii na katika biashara ndogondogo. Kwa sababu hiyo Lemara ni mahali pafaapo kuchunguza swali ambalo kwa kawaida hujadiliwa kwa lugha ya sheria peke yake: kaya inayotarajia mtoto hupata wapi fedha za kuvuka miezi ambayo mama hawezi kufanya kazi, na kitu gani hutokea kwa bajeti ya kaya hiyo pale utaratibu wa mafao unapobadilishwa?

Makala haya yanafuatilia mabadiliko ya utaratibu huo tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 hadi marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025. Hoja yake kuu ni kwamba muda wa likizo ya uzazi nchini Tanzania umebaki uleule kwa nusu karne, yaani siku 84, lakini mlipaji wa siku hizo na masharti ya kuzipata vimebadilika mara kwa mara. Kila badiliko lilihitaji kumbukumbu zaidi za wakati uliopita: miezi ya utumishi, idadi ya michango, orodha ya malipo. Mimba, kwa upande wake, huhesabiwa kwa wiki zijazo. Kaya nyingi za Lemara zimekuwa zikiishi kati ya hesabu hizi mbili, na pengo lililobaki limezibwa na ukoo, upatu na kikoba.

Kabla ya mshahara: ukoo kama mfuko

Katika jamii za Waarusha na Wameru, gharama ya uzazi haikuanza kuwa ya fedha. Shamba la migomba na mahindi, ng'ombe wa maziwa na mikono ya wanawake wa ukoo ndivyo vilivyomtunza mzazi. Supu, mafuta ya kondoo, maziwa na ndizi vilitoka nyumbani au kwa jirani, na mama mkwe au dada wa mume alichukua kazi za shamba na kuni hadi mzazi aliporejea katika nguvu zake. Msemo unaosikika hadi leo, kwamba kila mtoto huzaliwa na riziki yake, ulikuwa na maana ya wazi katika mazingira hayo. Riziki ya mtoto ilikuwa ardhi ya ukoo pamoja na wajibu wa watu wanaojulikana kwa majina.

Kodi ya kikoloni na zao la kahawa viliingiza fedha katika utaratibu huo. Fedha za kahawa zilikuja kwa msimu, si kwa mwezi, nazo ziligawanywa kati ya kodi, ada za shule na mahitaji ya nyumbani. Huduma za uzazi za kitabibu zilipatikana zaidi kupitia misheni. Hospitali ya Kilutheri ya Nkoaranga, kwenye miteremko ya Meru, ni mfano unaojulikana. Wakati huohuo ardhi ilikuwa ikipungua. Mgogoro wa ardhi ya Wameru wa Engare Nanyuki, uliomfikisha Kirilo Japhet mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952, ulionyesha kwa uchungu jinsi mlima ulivyobanwa na mashamba ya walowezi. Palipokosekana ardhi ya kutosha kwa vijana wote, riziki ya mtoto ilianza kutafutwa mjini. Sehemu kama Lemara zikawa mahali ambapo kaya ilikuwa na mguu mmoja katika shamba la ukoo na mwingine katika ajira ya mshahara.

Kiwanda na sheria ya mwaka 1975

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilifuatwa na upanuzi wa mashirika ya umma. Arusha ilipata viwanda vilivyobadilisha sura ya upande wake wa kusini: kiwanda cha matairi cha General Tyre kilichoanza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1970, kiwanda cha nguo cha Kiltex, na vingine katika maeneo ya Themi na Unga Limited. Nyumba za kupanga ziliongezeka karibu na viwanda hivyo. Kwa mara ya kwanza idadi kubwa ya wanawake wa mjini walikuwa na mwajiri anayetambulika kisheria na mshahara wa kila mwezi.

Ni katika hali hiyo ndipo marekebisho ya sheria ya ajira ya mwaka 1975 yalipopata uzito. Marekebisho hayo yalimpa kila mwanamke mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, awe ameolewa au hajaolewa, mara moja katika kila kipindi cha miaka mitatu. Suala la wasioolewa lilizua ubishi mkali, kwa kuwa wapinzani waliliona kama kibali cha dola kwa uzazi wa nje ya ndoa. Uamuzi wa kuwajumuisha una umuhimu wa kihistoria, kwa sababu ulihamisha msingi wa haki kutoka kwenye ndoa hadi kwenye kazi. Aliyekuwa akilipwa hakuwa tena mke wa mtu bali mfanyakazi.

Sharti la miaka mitatu nalo linastahili kuangaliwa. Lilikuwa bajeti iliyoandikwa ndani ya sheria, kwani lilimwambia mwajiri ategemee gharama hiyo mara ngapi, na likamwambia mfanyakazi ni baada ya muda gani serikali ingependa azae tena. Lilikwenda sambamba na mafundisho ya kupishanisha uzazi yaliyokuwa yakitolewa kliniki na chama cha UMATI. Mwanamke aliyepata mimba kabla ya miaka mitatu kutimia hakuzuiwa kuzaa. Alichokosa ni malipo.

Katika kipindi hiki msaada kwa kaya haukuishia kwenye mshahara wa likizo. Matibabu katika vituo vya umma yalikuwa bila malipo, na mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uendeshaji wa hospitali binafsi za kibiashara. Hivyo mfanyakazi wa kiwandani aliyeishi Lemara alikuwa na nguzo tatu: mshahara wakati wa likizo, huduma ya kujifungua isiyolipiwa, na chakula kutoka shamba la ukoo. Nguzo hizo zilikuwa na nyufa, hasa wakati uhaba wa bidhaa na dawa ulipozidi mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini zilieleweka. Aidha, nguzo ya kwanza haikumhusu mwanamke mwenye genge, mama ntilie, wala mke wa kibarua. Kwao haki ya mwaka 1975 ilikuwa habari ya jirani.

Kuchangia gharama na kuzaliwa kwa mfuko, 1991–1997

Muongo wa 1990 ulivunja mpangilio huo kutoka pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa ajira. Mageuzi ya uchumi yaliyatikisa mashirika ya umma. Kiltex ilifungwa, na General Tyre ikaendelea kwa kuyumba hadi uzalishaji wake ulipokoma mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Kwa kuwa haki ya likizo ya uzazi ilikuwa imefungwa kwa mwajiri, kufa kwa mwajiri kulikuwa kufa kwa haki. Sheria haikufutwa, ila mtu wa kuitekeleza hakuwapo.

Upande wa pili ulikuwa afya. Hospitali binafsi ziliruhusiwa tena mwaka 1991, na kuanzia Julai 1993 serikali ilianzisha utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu katika hospitali zake, hatua kwa hatua. Huduma za mama na mtoto ziliwekwa katika kundi la misamaha, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikaurudia msimamo huo. Hata hivyo, msamaha wa ada si sawa na kutokuwa na gharama. Kituo kinapoishiwa na vifaa, familia hununua glovu, pamba, uzi wa kitovu na mpira wa kutandika. Nauli ya usiku hulipwa na familia. Chakula cha mzazi aliyelazwa huletwa kutoka nyumbani. Gharama hizi ndogondogo hazimo katika orodha ya ada, na kwa hiyo hakuna msamaha unaoweza kuzigusa.

Mwaka 1997 Bunge lilipitisha sheria iliyougeuza Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi, ulioanzishwa mwaka 1964, kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF). Miongoni mwa mafao yake lilikuwamo fao la uzazi. Hili lilikuwa geuzo la msingi, kwani gharama ya uzazi ilianza kuhesabiwa kama janga la pamoja linalokatiwa bima, badala ya kuwa mzigo wa mwajiri mmoja mmoja. Fao lilikokotolewa kwa wastani wa kipato cha siku cha mwanachama kwa muda wa siku 84. Sharti lake lilikuwa mwanachama awe amechangia angalau miezi 36, na kati ya hiyo miezi 12 iwe ndani ya miaka mitatu kabla ya kujifungua. Kipindi cha miaka mitatu kati ya uzazi mmoja na mwingine kilihifadhiwa pia.

Ni vema kupima maana ya sharti hilo kwa mfano wa hesabu. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, unaogawanywa kati ya mwajiri na mwajiriwa. Mfanyakazi mwenye mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi huchangiwa shilingi 60,000. Kwa kadirio la shilingi 10,000 kwa siku, fao la siku 84 ni shilingi 840,000. Mwajiriwa wa kudumu hutimiza sharti baada ya miaka mitatu. Lakini Arusha ni mji wa utalii, na ajira nyingi za hoteli na kambi za safari hufuata msimu: hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba na tena kuzunguka mwisho wa mwaka, kisha hupungua wakati wa mvua za masika. Mfanyakazi anayeajiriwa miezi saba kwa mwaka huhitaji zaidi ya miaka mitano ili kufikisha michango 36. Akijifungua katika msimu wake wa tano akiwa na michango 35, kiasi cha shilingi 2,100,000 kimekwisha kuwekwa kwa jina lake, naye hana fao la uzazi. Hali ni mbaya zaidi pale mwajiri anapokata mchango kwenye mshahara bila kuuwasilisha, kwa sababu mfanyakazi hugundua upungufu huo siku anayopeleka madai, akiwa tayari na mimba kubwa au mtoto mchanga.

Sheria mbili kwa siku zilezile: mwaka 2004

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilizihifadhi siku 84 na kuongeza hadi siku 100 kwa anayejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Iliweka pia mambo ambayo hayakuwapo awali: baba alipata angalau siku tatu za likizo yenye malipo, zitakazochukuliwa ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, mama anayenyonyesha alipewa hadi saa mbili kwa siku, na kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito kukahesabiwa kuwa si halali. Mwajiriwa alitakiwa kutoa taarifa miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, akiambatisha cheti cha daktari. Mwajiri hakulazimika kulipia zaidi ya likizo nne za uzazi kwa mwajiriwa mmoja.

Hapa panajitokeza utata muhimu kwa mtafiti wa historia ya mafao. Sheria ya mwaka 1997 ilikuwa imeuweka uzazi mikononi mwa mfuko. Ile ya mwaka 2004 iliweka wajibu wa kutoa likizo yenye malipo mikononi mwa mwajiri. Siku ni zilezile 84, lakini walipaji ni wawili, na sheria hizo hazikueleza kwa uwazi jinsi zinavyopaswa kushirikiana. Kwa mwanamke aliyetimiza masharti ya zote mbili, matokeo yaliweza kuwa mema. Kwa mwajiri mdogo wa Lemara, kwa mfano mwenye duka la dawa na wasaidizi wawili, mshahara wa miezi mitatu kwa mtu asiyekuwapo kazini uliendelea kuwa sababu ya kusita kuajiri mwanamke kijana. Ni kwa kuepuka kishawishi hicho ndiyo maana Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka malipo ya uzazi yatoke katika bima ya jamii au fedha za umma, na muda usiwe chini ya wiki 14. Siku 84 ni wiki 12.

Sheria hiyohiyo ilimweka nje ya likizo mwajiriwa mwenye utumishi wa chini ya miezi sita, isipokuwa kama amefanya kazi zaidi ya mara moja ndani ya mwaka kwa mwajiri yuleyule na jumla ya utumishi huo ikapita miezi sita. Kifungu hiki kilikuwa na faida kwa wafanyakazi wa msimu. Hata hivyo, kilimtaka mfanyakazi atunze ushahidi wa kila kipindi cha kazi, jambo gumu pale ajira inapotolewa kwa simu na mkataba ukabaki mikononi mwa msimamizi.

Mabadiliko ya mafao, 2012–2018

Mabadiliko yaliyofuata hayakulenga uzazi moja kwa moja, lakini yaligusa bajeti za wazazi. Mwaka 2012 marekebisho ya sheria za hifadhi ya jamii yalizuia fao la kujitoa, yaani haki ya mwanachama aliyeacha kazi kuchukua michango yake kabla ya umri wa kustaafu. Upinzani wa wafanyakazi, hasa wa migodini, ulikuwa mkali. Mwaka 2018 mifuko minne ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), NSSF ikaachiwa sekta binafsi na waliojiajiri, na mahali pa fao la kujitoa likaingia fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18.

Kwa mtazamo wa mfuko, geuzo hilo lilikuwa na mantiki. Aliyechukua michango yake yote alipoteza miezi aliyokwisha kujiwekea na kuanza upya, na kwa mwanamke kuanza upya kulimaanisha kuisogeza mbele siku ya kustahili fao la uzazi. Kwa mtazamo wa kaya hesabu ilikuwa nyingine. Fao la kujitoa lilikuwa akiba pekee kubwa ambayo mwanamke aliyeacha kazi kulea mtoto angeweza kuigusa: kulipa kodi ya nyumba ya miezi sita, kununua cherehani, au kufungua genge. Fao la kukosa ajira halikumfaa, kwa sababu halimhusu mtu aliyeacha kazi kwa hiari, na sheria haikutofautisha kati ya aliyeacha kwa kupenda na aliyeacha kwa kukosa wa kumwachia mtoto. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha maisha ya kina mama wengi wa mjini ambao bibi wa mtoto yuko mbali, mlimani au mkoa mwingine.

Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 liliposimamisha safari za kitalii duniani, Arusha ilionja jambo hilo kwa ukali. Hoteli zilipunguza au kusimamisha wafanyakazi, na michango ya kila mwezi ikakatika. Mapengo hayo katika kumbukumbu za michango hayakuisha watalii waliporejea. Yaliendelea kuhesabiwa kwa kila mwanamke aliyepata mimba miaka iliyofuata.

Upatu, kikoba na mkopo wa halmashauri

Kwa kaya zisizo na mwajiri, msaada wa uzazi ulikuwa na historia yake sambamba. Upatu, unaoitwa pia mchezo, huwakutanisha watu wachache wanaotoa kiasi sawa kila wiki au mwezi na kupokezana jumla yake. Mwanamke mjamzito huweza kumwomba kijumbe apangiwe zamu iliyo karibu na mwezi wa kujifungua. Huo ni upangaji wa bajeti kwa maana kamili, ingawa hauandikwi popote. Kikoba ni utaratibu mpana zaidi. Asili yake ni vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na baadaye kuenezwa Afrika Mashariki. Wanachama hununua hisa, hukopeshana kwa riba ndogo, huweka mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa, msiba na uzazi, kisha hugawana fedha mwisho wa mwaka.

Nguvu ya kikoba ni kwamba hakiulizi cheti cha daktari wala michango 36. Wanachama wanaiona mimba kwa macho. Udhaifu wake ni kalenda. Mama anayenunua hisa za shilingi 5,000 kwa wiki katika wiki zote 40 za mimba huwa na shilingi 200,000, lakini mgao huja mwisho wa mzunguko. Akijifungua katikati ya mwaka hulazimika kukopa akiba yake mwenyewe kwa riba. Baada ya kujifungua, wiki ambazo hawezi kukaa gengeni ndizo wiki ambazo hana cha kununulia hisa wala cha kurejesha. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitambua na kuvitaka vikundi hivi visajiliwe, hatua iliyowalinda wanachama dhidi ya viongozi wasio waaminifu, lakini haikugusa tatizo hilo la muda.

Kwa vikundi vilivyosajiliwa palikuwa pia na mkopo wa halmashauri usio na riba. Marekebisho ya mwaka 2018 yalizitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyo kwa sababu ya kasoro za urejeshaji na vikundi hewa, na ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Lengo la usimamishaji lilikuwa kulinda fedha za umma. Hata hivyo, mwaka mmoja ni mrefu kuliko mimba. Kikundi kilichokuwa kimejipanga kupata mtaji wa kuendesha biashara wakati baadhi ya wanachama wako katika uzazi hakingeweza kuahirisha uzazi huo hadi kanuni mpya zikamilike.

Marekebisho ya karibuni, 2022–2025

Miaka ya karibuni imeleta hatua kadhaa zinazopunguza mzigo. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, humwezesha mjamzito au mzazi mwenye dharura kupata usafiri bila malipo kwa kupiga namba 115. Kwa bajeti ya kaya hii ni hatua kubwa, kwani nauli ya usiku ndiyo gharama isiyopangika kuliko zote. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, sawa na shilingi 2,500 kwa mwezi. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Katika upande wa ajira, sherehe za kitaifa za Mei Mosi mwaka 2024 zilifanyika jijini Arusha, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Makamu wa Rais Philip Mpango akiwa mgeni rasmi. Hapo lilitangazwa kusudio la kuongeza likizo kwa mama anayejifungua mtoto njiti, na siku za baba wa mtoto huyo kufikishwa saba. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yaliliingiza jambo hilo katika sheria. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1975 kipimo cha likizo kilikubali kuifuata mimba yenyewe: mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huongezewa mama yake muda uliopungua. Ni badiliko dogo kwa idadi ya wanaonufaika, lakini kubwa kwa kanuni.

Mfano wa jirani unaonyesha kwamba mwelekeo unaweza kuwa tofauti. Kenya, ambayo mpaka wake wa Namanga uko kiasi cha kilomita 100 kutoka Arusha, ilifuta ada za kujifungua katika vituo vya umma mwezi Juni 2013 na baadaye kuanzisha mpango wa Linda Mama. Oktoba 2024 mpango huo uliingizwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambako kaya hutakiwa kusajiliwa na kuchangia asilimia 2.75 ya kipato. Mjamzito aliyekuwa amepanga kujifungua bila malipo alijikuta katikati ya miezi yake akihitaji kuwa mwanachama mwenye michango hai. Tanzania inapoelekea kwenye bima ya afya kwa wote, swali hilohilo litaulizwa Lemara: je, msamaha wa mama mjamzito utabaki kuwa haki yake kwa sababu ana mimba, au utakuwa fao la kadi iliyolipiwa?

Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa haiungi mkono simulizi ya maendeleo ya moja kwa moja, wala ile ya kuporomoka. Haki ya uzazi imepanuka: kutoka kwa mke hadi kwa mfanyakazi, kutoka kwa mama pekee hadi kwa baba, kutoka kwa uzazi wa kawaida hadi kwa mtoto njiti. Wakati huohuo mlango wa kuingilia umekuwa mwembamba, kwa sababu kila hatua imeegemea uthibitisho wa ajira ya kudumu katika mji ambao ajira hiyo imekuwa ikipungua tangu viwanda vyake vifungwe.

Matokeo yake ni kwamba ndani ya kata moja, na pengine katika nyumba moja ya kupanga, wanaishi wazazi watarajiwa wa aina tatu. Yupo mtumishi wa umma mwenye mshahara na fao. Yupo mfanyakazi wa msimu ambaye michango yake ipo lakini haijatosha. Na yupo mwenye genge ambaye bima yake ni zamu ya upatu. Mimba zao ni za wiki 40 zote, na siku 84 za kupumzika zinahitajiwa na miili yao kwa usawa. Kinachowatofautisha ni kumbukumbu ya miezi iliyopita.

Kutokana na hoja hiyo, marekebisho yenye manufaa makubwa zaidi huenda si kuongeza siku kwa wale wanaozipata tayari. Ni kulegeza uhusiano kati ya siku hizo na mfululizo wa michango: kwa mfano, fao linalolipwa kwa uwiano wa miezi iliyochangiwa, ili mwenye michango 35 asirudi mikono mitupu, au mchango wa hiari wa waliojiajiri unaokubali kulipwa kwa msimu. Pia kila badiliko la mafao linahitaji kipindi cha mpito kisichopungua muda wa mimba. Kaya iliyoanza kupanga chini ya kanuni moja ingepaswa kujifungua chini ya kanuni hiyohiyo, kwa sababu upande wa pili wa mkataba huo, ambao ni mtoto, hauwezi kuombwa asubiri.